USAMA NA MAJINA YA SIMBA



Ndugu Waislamu, hapa Kasenga tuna watoto waitwao Hamza, Haidari, Abasi na Usama. Je, mzazi anajua kwamba majina hayo yote, katika Kiarabu, ni ya simba?

Jina la kawaida ni asad. Mengine Waarabu waliyatoa kwa kutazama sifa za mnyama. Abbas ni simba aliyekunja uso. Qaswara, lililo katika Suratul Muddathir aya ya 51, lina mzizi wenye maana ya kushinda kwa nguvu. Baadhi ya wafasiri wamesema ni wawindaji, na wengine kwamba neno limetoka Uhabeshi.

Sisi tuna neno letu la Kibantu, simba, na hapa Uvira lina historia. Mwezi wa Mei 1964 mji huu ulitekwa na waasi walioitwa Simba. Walimwagiwa maji ya dawa, wakaamini risasi haitawapata. Basi tuulize: simba ni yule anayeogopwa tu?

Tumtazame Usama bin Zaid (R.A.). Vitani alimuua mtu aliyekwisha tamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali, akamuuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu hata akajua yaliyomo. Usama hakusahau. Mwaka wa 11 Hijria (632), angali kijana, Mtume alimkabidhi uongozi wa jeshi; kwa hiyo hakuwa mwoga. Lakini Waislamu walipokuja kupigana wenyewe kwa wenyewe, alimpelekea Ali (R.A.) ujumbe, nao umepokewa na Bukhari: kwamba hata kama Ali angekuwa kinywani mwa simba, angependa kuwa pamoja naye humo, ila katika vita hivyo hataingia.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye maana ya jina. Simba wa porini akiua haulizwi. Binadamu ataulizwa mbele ya Mola wake. Atakayekuja usiku kumwita mwanao ashike bunduki dhidi ya jirani atamsifu kwamba yeye ni simba. Mfundishe mapema kwamba Usama naye aliitwa simba, na alijua kusema hapana.

Wabillahi tawfiiq.