Toa Huo Mpira Mdomoni!

Kijana wa Kasongo, plonjeri wa drage, mzamiaji wa mashua ya kunyonya mchanga wa dhahabu, wewe unayeshuka Lualaba ukiwa umeuma mpira wa kompresa kwa meno: utoe! Utoe leo! Usingoje maji yapungue, usingoje PDG, mwenye drage, akulipe deni, usingoje kiangazi kiishe!

Sababu unaijua. Kichwa kimekugonga mara ngapi ukipanda juu? Mate yenye ladha ya mazutu umeyatema mara ngapi? Umeona mwenzako akivutwa kwa kamba, amelegea kama nguo iliyolowa, na bado ukasema, "Nimalize mwezi huu tu."

Mwezi gani? Kompresa ile ilitengenezwa kujaza matairi! Imefungwa ubavuni mwa mota, bomba la moshi limeelekea pale pale inapovutia hewa, na upepo ukigeuka kidogo tu unakunywa moshi. Ndani ya moshi mna kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na huing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwanza kichwa, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Usingizi, chini ya maji ya tope, na mawe kiunoni! Nani atakuamsha huko?

Waulize waliotoka Shabunda, mtoni Ulindi, drage zilipojaa huko mwaka 2014 na 2015. Watakuambia habari za dhahabu kwanza. Wasubiri. Waache wanyamaze, kisha waulize habari za waliokuwa chini.

Najua umeweka dola kando. Najua unataka kwenda kujifunza kuzamia kwa cheti: Kabambare, Fizi, Baraka, uvuke ziwa hadi Kigoma, treni hadi Dar es Salaam, boti hadi Zanzibar, ambako shule za mbizi zipo Mji Mkongwe na zipo Nungwi. Vema! Nenda! Chanja homa ya manjano, shika kadi yako, nenda! Lakini kabla hujafika hata Kabambare, atatokea mtu mwenye mzigo chini ya turubai. Atakuita "bwana mkubwa". Atafunua mtungi wa chuma, atafunua mpira wenye kidude cha mdomoni, atafunua jaketi la kuelea, na atakuambia kwamba mzamiaji wa kweli haendi shule mikono mitupu.

Mkimbie!

Tairi la gari lina bari mbili na ushei. Mtungi wa mbizi hujazwa hadi 200. Mtungi ulioliwa na kutu kwa ndani ni bomu, nawe unataka kuufunga mgongoni! Mtungi halali una tarehe iliyogongwa shingoni, tarehe ya kupimwa kwa shinikizo la maji, na nchi nyingi zinadai kipimo hicho kirudiwe kila miaka 5. Ule wa chini ya turubai una tarehe gani? Imekwanguliwa? Imepakwa rangi? Muuzaji anaifunika kwa kidole gumba?

Na kidude cha mdomoni je? Ndani yake mna vipira vyembamba na springi ndogo, na fundi aliyesomea hukifungua na kukikagua kila mwaka. Kikikauka, kitapitisha maji. Kikikwama, hakitakupa hewa. Utagundua lini? Chini!

Usinunue mtungi. Usinunue kidude. Usinunue jaketi. Shule inavyo vyote, na mara nyingi matumizi yake yamo ndani ya ada. Uliza kabla hujalipa! Ukishafuzu ndipo utajua unataka nini, na hutadanganywa na mtu yeyote.

Kama pesa inakuwasha mfukoni, nunua kitu kimoja: miwani ya kuzamia. Hiyo ni ya uso wako, na uso wa mtu mwingine hauwezi kukuchagulia. Iweke usoni bila kuvuta ukanda. Vuta pumzi kidogo kwa pua. Ondoa mkono. Ikishikilia yenyewe, ni yako. Ikianguka, irudishe mezani, hata kama inang'aa, hata kama rangi yake umeipenda, hata kama bei imeshuka nusu! (Wenye masharubu, yapunguzeni; maji hupitia hapo.) Hakikisha pua imo ndani. Ile miwani ya waogeleaji inayofunika macho peke yake haifai, kwa sababu ukishuka shinikizo linaongezeka, nawe huna njia ya kupuliza hewa ndani yake kwa pua. Macho yatanyonywa mpaka yavilie damu. Kisha isugue vioo kwa ndani kwa dawa ya meno, suuza, rudia, utoe utando wa kiwandani, la sivyo utashuka kipofu kwa ukungu.

Basi! Mapezi ya miguu utaazima hukohuko. Nguo ya mpira utaazima hukohuko. Bahari ile ni ya joto.

"Lakini mimi ni mzoefu." Mzoefu wa nini? Mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya juu. Pumzi uliyovuta huko ukiibana na kupanda nayo, inataka nafasi mara mbili kifuani, na kifua hakina nafasi hiyo. Mapafu yanachanika! Hata mita mbili zinatosha! Nani alikuambia hayo kwenye drage? Nani alikuambia upande polepole, uendelee kupumua, usipige mbio juu hata ukiogopa? Ulipewa mpira, ukapewa kamba, ukasukumwa.

Na wewe unayepanga kupata cheti kisha urudi nacho kwenye drage, unajidanganya mchana kweupe. Kozi ya mwanzo inakufikisha mita 18, kwenye maji unayoona, pamoja na mwenzako aliye karibu kiasi cha kumgusa. Haikufundishi kukaa gizani chini ya ukingo unaobomoka huku bomba linanyonya mchanga miguuni pako. Hakuna cheti cha kazi ile!

Sasa sikia jambo unalolikwepa kuliko yote. Hospitali! Kabla ya miwani, kabla ya nauli, kabla ya kumuaga mama. Sikio linalotoa usaha, ngoma ya sikio iliyotoboka, pumu, kifafa, kifua kilichowahi kuwa na TB: shule itakupa fomu yenye maswali hayo yote, na ukiandika "hapana" ya uongo, maji hayasomi fomu. Umesafiri siku nyingi, umemaliza akiba, halafu unakataliwa mlangoni kwa sikio ambalo ungelijua hapahapa Kasongo! Au, vibaya zaidi, unakubaliwa.

Nenda kesho. Mpe daktari masikio yako, mapafu yako, moyo wako, umweleze ulichokuwa ukivuta kwenye ule mpira. Usione haya, usipunguze, usifiche. PDG akituma mtoto kukuita asubuhi, mwambie uko kwenye foleni, tena hujui utatoka saa ngapi.