Tiketi Mbili za Bure

Picha iliingia kwenye simu yangu usiku mmoja wa Julai 2023, saa tano, huku Tanga tukijiandaa kulala. Shemeji yangu, mume wa dada, amesimama na watoto wake wawili. Nyuma yao maji ya moto yanaruka kutoka ardhini kupita urefu wa mnazi, na mvuke umefunika nusu ya mbingu. Chini ameandika: "Shemeji, Yellowstone hiyo! Tumekuja kwa pointi za kadi. Bure!" Nikampelekea Mama simu chumbani. Akavaa miwani, akaikazia macho ile picha, kisha akasema, "Maji ya moto si hata hapa Amboni yapo?"

Tulicheka, tukalala. Hesabu ya ile "bure" niliipata baada ya zaidi ya mwaka, na aliyenipa ni shemeji mwenyewe. Aliniruhusu niiandike mradi nisimtaje jina. Basi tumwite Baba Neema. Sababu ya jina hilo utaiona mbele.

Wanaishi karibu na Dallas, Texas. Yeye anafanya kazi ghalani, dada anahudumia wazee. Januari mwaka ule benki moja ilimtumia barua: chukua kadi yetu ya mkopo, tumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, tukupe pointi 60,000. Kwa kawaida pointi moja ina thamani ya kama senti moja, hivyo zawadi ile ni dola 600. Anayejua kuzihamishia shirika la ndege zikawa maili huweza kupata zaidi. Pale ghalani palikuwa na mwenzake aliyeipeleka familia Grand Canyon kwa njia hiyo. Baba Neema alimuuliza mengi: kadi gani, ndege gani, hoteli gani. Swali moja tu lilimpita: je, wewe unalipa deni lote kila mwezi?

Kumbe mlango wote uko hapo. Anayelipa bili nzima kwa tarehe yake hatozwi riba kwa alivyonunua. Huo ndio muda wa neema, na kwa kadi nyingi za Marekani haupungui siku 21 tangu bili itoke. Ukibakiza deni, neema inafutika, na mkate unaonunua leo unaanza kudaiwa riba leo leo. Benki haigawi pointi kwa ukarimu. Inapata kamisheni kwa wenye maduka, na inapata zaidi kwa wale wanaobakiza deni. Anayelipa yote ni mwalikwa wa karamu. Anayebakiza ndiye mbuzi.

Matumizi yao yanayoweza kupita kwenye kadi, yaani chakula, petroli, simu na intaneti, yalikuwa kama dola 900 kwa mwezi. Miezi mitatu inatoa 2,700. Zilipungua 1,300.

Siku zile paa la nyumba ya Mama lilikuwa linavuja, na sisi huku tulikuwa tumeomba tusaidiwe kuezeka upya. Baba Neema akaona heri mbili zimekutana: amstiri mama mkwe, na papo hapo alifikie lengo la benki. Akatuma dola 1,300 kwa programu ya simu, na pale pa kuchagua pesa zitoke wapi, akaweka kadi mpya badala ya akaunti yake. Bati zikafika, tukamwombea dua. Kumbe kwa benki ile, kutuma pesa kwa kadi ya mkopo hakuhesabiwi kuwa ununuzi. Ni sawa na kwenda kukopa taslimu dirishani. Akakatwa ada ya asilimia 5, dola 65. Riba ikaanza kuhesabiwa siku ileile, bila neema yoyote. Pointi hakupata hata moja. Ndugu zangu mlioko ughaibuni, hapo rudieni kusoma. Paa tulilodhani limeezekwa kwa mshahara lilikuwa limeezekwa kwa riba.

Alipogundua, zilibaki siku kumi na pengo ni lilelile. Akaingia madukani: hema, viatu vya mlimani vya watu wanne, majaketi, kamera. "Si vya safari?" alijiambia. Lengo likafikiwa, pointi zikaingia: 60,000 za zawadi na 4,000 za matumizi. Akafurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Kwenye bili kulikuwa na dola 2,665 asizokuwa nazo, lakini benki ilimwandikia kwamba mwezi huu anaweza kulipa kima cha chini tu. Akalipa hicho. Kikafuta riba, deni lenyewe kikaligusa kwa ncha ya kidole.

Usiku mmoja akaona tiketi za ndege kutoka Dallas hadi Bozeman, Montana, njia ya kuelekea hifadhi ya Yellowstone: maili 16,000 kwa mtu, kwenda na kurudi. Mara nne ni 64,000 barabara! Akazihamisha pointi zote kwenda shirika la ndege usiku huohuo, kabla hajaomba likizo. Pointi zikishavuka hazirudi. Ruhusa ya kazini ilipotoka baada ya wiki mbili, safari ileile ilikuwa imefika maili 32,000 kwa mtu, maana shirika hupandisha na kushusha bei ya maili linavyotaka. Zikatosha watu wawili. Wawili waliobaki wakakatiwa tiketi za dola 520 kila mmoja, kwa kadi.

Likaja suala la malazi. Alikuwa ameota kulala Old Faithful Inn, hoteli ya magogo iliyofunguliwa mwaka 1904, hatua chache kutoka kwenye yale maji yanayoruka. Lakini hoteli za ndani ya hifadhi ile huendeshwa na kampuni yenye mkataba na serikali, na pointi za hoteli kubwa za mijini hazifanyi kazi humo. Tena vyumba vya Julai watu huanza kuvishika zaidi ya mwaka kabla. Akaangukia mji wa West Yellowstone, kwenye lango la magharibi: usiku mmoja dola 400, siku tatu 1,200. Gari la kukodi 480. Yote kwa kadi.

Langoni alilipa dola 35 za kiingilio. Na hapa ndipo Neema anapoingia. Mtoto huyo ndiyo kwanza alikuwa amemaliza darasa la nne, na serikali ya Marekani hutoa kibali cha bure kwa watoto wa darasa hilo. Unajaza fomu kwenye intaneti, unachapa karatasi, na familia nzima ndani ya gari inaingia hifadhi za taifa bila kulipa mpaka mwisho wa Agosti. Katika safari yote ile, kitu kilichokuwa bure kweli kilikuwa hicho kimoja, nacho ndicho walichokilipia. Neema alikuwa kiti cha nyuma anahesabu nyati wa kule wenye manyoya.

Safari ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Old Faithful, ile chemchemi yenyewe, huruka kila baada ya kama saa moja na nusu, na watoto waligoma kuondoka mpaka waione mara ya pili. Dada anasema hajawahi kumwona mumewe akicheka vile. Lakini Waswahili walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Matanga yalianza Agosti. Deni zima lilikuwa karibu dola 5,400, na riba kama asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 hivi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza peke yake riba ilikuwa dola 108. Baba Neema alilipa dola 200 kila mwezi, kimya kimya, bili zikija kwenye barua pepe yake. Baada ya miezi 14 alikuwa ameshatoa 2,800. Deni lilikuwa limepungua 1,470 tu. Bado lilisimama kwenye 3,930. Zile 1,330 nyingine zilikuwa riba. Tiketi mbili za "bure" zingepatikana dukani kwa 1,040. Tumezoea kumwambia mweka akiba kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mdai naye ana kibaba chake, na chake hakilali.

Septemba 2024 ikawa zamu ya dada kwenye upatu. Wako akina mama kumi, kila mmoja hutoa dola 400 kwa mwezi, kwa hiyo alipokea 4,000. Zilikuwa zimepangiwa kazi moja: tiketi za Desemba, waje Tanga.

"Baba Neema, nipe ile kadi ya pointi. Nikate tiketi tupate maili, halafu tuilipe kwa hela ya upatu."

Kimya.

"Baba Neema?"

"Mama Neema, hebu kaa kwanza."

Upatu ulilipa deni. Zikabaki dola 70.

Desemba hawakuja. Mama alikuwa ameshanunua magodoro mawili ya wajukuu. Yakakaa chumbani na nailoni zake, chini ya zile bati mpya. Baba Neema alipiga simu mwenyewe, akamweleza yote tangu barua ya benki. Nilikuwa nimekaa pembeni. Mama hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, paa lingengoja. Ungeniambia tu kwamba mwezi huu huna."

Sisemi kadi ni haramu, wala kwamba yule mwenzake wa ghalani alidanganya. Pointi ni embe lililodondoka njiani. Kama njia hiyo ni yako ya kila siku, inama uliokote. Ukifunga safari kwenda kulitafuta, nauli itazidi bei ya kikapu kizima. Baba Neema njia yake ilikuwa ya dola 2,700. Zile 1,300 za juu ndizo safari aliyoifunga kwa ajili ya embe, na kila kosa lililofuata lilitoka humo.

Kwa hiyo mwenye kadi na ajipime kabla ya zawadi: matumizi yangu ya kawaida yanafika kiwango hicho, na kila mwezi nitalipa bili nzima? Kama jibu ni hapana kwa moja tu kati ya hayo, barua aichane. Pesa za nyumbani zitoke kwenye akaunti, si kwenye mkopo. Pointi zisihamishwe mpaka likizo imeruhusiwa na nafasi ya ndege inaonekana siku hiyohiyo. Na safari ya hifadhi ianze kupangwa kwa hifadhi: vyumba vipo lini, kiingilio ni kiasi gani, nani kati yetu anaingia bure. Kadi ije mwisho, ikikuta mpango umeshakaa. Kwa Baba Neema kadi ndiyo iliyotangulia, na familia nzima ikaifuata nyuma.

Machi 2025, likizo fupi ya shule, waliingia kwenye gari lao wenyewe wakaenda Hot Springs, hifadhi ya taifa iliyo Arkansas, mwendo wa kama saa tano. Hifadhi ile haina kiingilio. Maji yake hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 62 hivi, na kuna mabomba ya nje ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kukinga. Walilala kambini, na lile hema likafunguliwa kwa mara ya kwanza.

Picha iliingia usiku. Neema ameshika chupa ya maji yanayofuka mvuke, baba yake yuko nyuma, mdogo wake amefumba macho. Chini imeandikwa: "Shemeji, petroli, kambi na chakula, dola 310. Zimelipwa."

Nikampelekea Mama simu chumbani. Akavaa miwani, akatazama.

"Na haya nayo ya bure?"

"Hapana, Mama. Haya wameyalipia."