Tawakuli ya Mchimbaji

Atokaye Rodi Kopany, magharibi mwa Kenya, akashika njia ya Rongo hadi Migori, kisha akaelekea magharibi mpaka Macalder, ambako mgodi mkubwa wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966, atawakuta vijana wakishuka kwa kamba katika mashimo ya dhahabu yaliyosimama wima kama visima, membamba hata mabega hukwaruza ukuta, na magogo ya miti ndiyo yazuiayo udongo usiwafukie. Je, ashukaye humo akimtaja Mola ametawakali, au amemjaribu Muumba wake?

Naitakidi kwamba tawakuli haiitangulii akili. Mtume Muhammad alimuagiza bedui amfunge ngamia kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Basi kuikagua kamba uzi kwa uzi, na kukataa kuwasha pampu ya petroli shimoni, kwa kuwa moshi wake hubeba sumu isiyo na rangi wala harufu, nako ni ibada. Lakini simlaumu fukara peke yake: ashikaye kamba huko juu, na mwenye shimo apataye fungu lake la mawe pasipo kushuka, wamepokea amana ya roho ya mtu, na tajiri auzaye dhahabu asinunue kamba mpya hana udhuru wa kuiita ajali ya shimoni kudura ya Mungu.