Sifuri na Kutojua

Iulize hifadhidata kama NULL, yaani nafasi isiyojazwa, ni sawa na NULL nyingine. Haitajibu ndiyo wala hapana. Itajibu kwamba haijulikani. Ndiyo maana mwanagenzi anayeandika sharti la "= NULL" huambulia patupu na kuilaumu kompyuta, kumbe alipaswa kuandika IS NULL.

Swali la kama kauli inaweza kuwa si kweli wala uongo ni kongwe. Aristotle alijiuliza kama kauli kwamba kesho kutapiganwa vita baharini ni kweli au uongo leo hii. Mwaka 1920 Jan Łukasiewicz wa Poland aliweka kwenye mantiki thamani ya tatu, kati ya kweli na uongo.

Kwa mchambuzi wa data hizi si porojo. Mwanafunzi mmoja ana alama 60, wa pili 80, wa tatu hakufanya mtihani. Wastani ni 70. Mjazie sifuri huyo asiyekuwepo, unaporomoka hadi 47 hivi. Sifuri inamshuhudia vibaya. Pengo halisemi lolote.

Programu nyingine za simu, nazo, huona haya kunyamaza: tarehe ikikosekana, huihesabu kuwa sifuri na kuonyesha 1 Januari 1970, siku ambayo mfumo wa kompyuta wa Unix huanzia kuhesabu muda. Mtu anapewa siku ya kuzaliwa bila kuulizwa.