Jina na Mwenye Jina

Mtu huja duniani hana jina. Hulikuta likimngoja, limechaguliwa na watu ambao hawajaiona bado tabia yake. Wazazi humpa mtoto jina kama mkulima atiavyo mbegu ardhini: kwa matumaini, wala si kwa hakika. Hapo hutoka swali la zamani lisilochakaa. Je, jina humfanya mtu, au mtu ndiye alifanyaye jina? Ili tusilijibu kwa maneno matupu, na tulichukue jina moja tuifuate safari yake. Jina hilo ni Vladimir, la wanaume wa mataifa ya Waslavi, yakaayo upande wa mashariki wa Ulaya.

Jina hili limeungwa kwa maneno mawili. La kwanza lina maana ya utawala. La pili, kwa asili yake, lilikuwa na maana ya ukuu au sifa. Basi Vladimir alikuwa mtu mkuu kwa utawala wake. Miaka ilipopita maana hiyo ya kale ilisahauliwa, na masikio ya watu yakasikia mahali pake neno mir, ambalo kwa Kirusi ni amani na pia ni ulimwengu. Hivyo jina lile lile likaweza kufahamiwa kwa njia tatu: mwenye sifa ya utawala, mtawala wa ulimwengu, na mtawala wa amani. Huo ni mzigo mzito kumtwika mtoto mchanga. Natutazame waliotwikwa waliuchukuaje.

Miongoni mwa wa kwanza kujulikana kwa jina hili katika historia ni Vladimir Rasate, aliyetawala Bulgaria tangu mwaka 889 hadi 893. Baba yake, Boris, alikuwa ameiingiza nchi katika Ukristo, kisha akaacha enzi akaenda kukaa na watawa. Mwana akataka kuirudisha nchi katika dini ya kale. Baba akatoka utawani, akamwondoa katika kiti, akampofusha macho. Karibu miaka mia baadaye Vladimir mwingine alitawala Kyiv. Huyu alikipata kiti baada ya ndugu yake Yaropolk kuuawa, akasimamisha sanamu za miungu ya kale; kisha, yapata mwaka 988, akabatizwa, akaziangusha sanamu zile zile, akawaingiza raia zake katika Ukristo. Alikufa mwaka 1015, na Wakristo wa nchi zile humhesabu kuwa mtakatifu. Mmoja alitaka kubomoa alichojenga baba yake. Wa pili alibomoa alichojenga mwenyewe. Kama jina lingekuwa na nguvu za kumwendesha mtu, ni yupi kati yao aliyeendeshwa nalo?

Wengine watajibu kwamba jina la mhenga humvuta kizazi wake. Twalifahamu wazo hili, kwani katika nchi yetu pia jamaa nyingi huwaita watoto kwa majina ya babu na bibi zao. Kitukuu cha Vladimir wa Kyiv, Vladimir Monomakh (1053–1125), alipewa jina la mhenga huyo. Lakini yeye hakuona kwamba jina latosha kumwongoza mtoto. Aliwaandikia wanawe wosia: wasiue, wawatunze yatima na wajane, wasiwe wavivu wala wasijivune. Na katika wosia huo huo alieleza vita vyake, pamoja na jinsi walivyouteka mji wa Minsk wasiache ndani yake mtumwa wala mnyama. Basi hata chini ya jina moja, katika kifua kimoja, amani na ukatili vyaweza kukaa pamoja. Mwenye jina ndiye achaguaye.

Wako pia waliolichukua jina hili mbali na viti vya enzi. Vladimir Dahl (1801–1872), mwana wa mgeni kutoka Denmark, alitumia miaka mingi kukusanya maneno ya watu wa kawaida. Kamusi yake ya Kirusi ilikuwa na maneno yapata 200,000, na methali alizozikusanya zilizidi 30,000. Wladimir Köppen (1846–1940), aliyezaliwa St Petersburg, hakutawala hata kijiji. Lakini wanafunzi wa jiografia duniani kote hukutana na herufi alizotumia kuzigawa hali za hewa za dunia. Hao hawakuamrisha jeshi, na kazi yao yafaa hata leo.

Vladimir Ulyanov (1870–1924) alijulikana zaidi kwa jina alilojichagulia mwenyewe, Lenin. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 wazazi wengine walianza kuwaita wana wao Vladlen, jina lililofupishwa kutoka Vladimir Lenin. Hapo jina halikuzaa tendo. Tendo ndilo lililozaa jina.

Ushahidi wa mwisho ni mchungu. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi, kwa amri ya Vladimir Putin, yaliivamia Ukraine, ambayo rais wake alikuwa Volodymyr Zelenskyy. Vladimir na Volodymyr ni jina moja katika lugha mbili. Kyiv ina sanamu ya yule Vladimir wa kale tangu mwaka 1853. Moscow ikasimamisha yake mwaka 2016. Kwa Kiswahili watu wawili wa jina moja huitana somo, na usomo huhesabiwa kuwa undugu. Undugu huo haukuzuia risasi hata moja.

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Hawakuwa wakisema jina la kuzaliwa, maana hilo hata mwovu anaweza kuwa nalo zuri. Kila mtu ana majina mawili: moja hupewa, la pili hulichuma kwa matendo yake. Kwa hiyo si haki kumhukumu mtu kwa jina la kupewa, wala kumtukuza kwalo. Mwanafunzi asikiaye jina la mgeni likiitwa darasani, na papo hapo akajua kabila la kumchukia au la kumpenda, amekata hukumu kabla ya kusikia shahidi. Na amngoje mgeni atende. Naye mwenyewe, akiisha kuitwa, akumbuke kwamba wazazi wake wamekwisha kufanya sehemu yao; sehemu iliyobaki ni yake.