Kengele Haitoshi

Motokaa ijiendeshayo yenyewe ikimwua mtu, ni nani mwenye hatia? Swali hili babu zetu hawakuulizwa. Sisi hatuna budi kulijibu.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona huko Marekani, motokaa ya kampuni ya Uber iliyokuwa ikijaribiwa kwenda yenyewe ilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Ndani yake alikuwamo dereva, naye kazi yake ilikuwa kuangalia, na kushika usukani hatari itokeapo. Wachunguzi wa Serikali walikuta kwamba alikuwa akitazama simu. Mtambo ulimwona mwanamke yule sekunde 5.6 kabla ya ajali, usitambue ni nini. Na kengele ya kumwonya dereva ililia zikiwa zimebaki sehemu mbili za kumi za sekunde moja. Mwaka 2023 dereva alikiri kosa mahakamani. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai.

Hatumtetei dereva. Aliyekubali kulinda amepokea uhai wa wengine mikononi mwake. Lakini haki yatudai tuseme zaidi. Binadamu hawezi kukodolea macho saa nyingi kazi asiyoifanya; mikono ikikaa bure, na moyo nao huondoka. Basi amwondoleaye mwenzake kazi, kisha akamwachia lawama peke yake, hamtendei haki. Wachunguzi wale wale waliilaumu kampuni pia, kwa kuwa haikuwasimamia madereva wake ipasavyo.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2020 yaelekea kwenye haki hiyo. Motokaa za namna hii zatakiwa kuangalia kama dereva yu tayari, kumwita mapema, na kwa kawaida kumpa angalau sekunde 10. Asipoitika, zianze kusimama zenyewe. Twaisifu kanuni hiyo. Hata hivyo, kengele yaweza kuirudisha mikono kwenye usukani, lakini haimpi mtu dhamiri ya kujali uhai wa mwenziwe.

Wengi wetu twaendesha motokaa zisizo na kengele hiyo, na simu tunazo. Tukisahau, hakuna wa kutuita. Baba ashikaye usukani na aiweke simu mbali kabla ya kuondoka, na watoto wake wamwone akifanya hivyo.