Kujaza na Kuziba

Matengenezo ni ya namna mbili: moja huondoa ubovu, na nyingine huondoa malalamiko. Zote mbili hulipiwa kwa fedha ile ile, na siku ya kwanza hufanana kama pacha. Lakini wakati, hakimu asiyepokea rushwa, huja akazitenga. Swali ni hili: je, mtu atendaye kazi ya namna ya pili hutenda kosa, ikiwa aliyemlipa ameridhika?

Mfano mdogo wa swali hili hupatikana katika nyanda za juu za Kigoma. Kasulu na Kibondo ni miji iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na joto lake si kali kama la Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mgeni aweza kudhani kwamba kiyoyozi cha gari huko ni anasa. Lakini wakati wa kiangazi, katika njia zisizo na lami, vumbi jekundu huandama kila gari: afunguaye dirisha hula vumbi, na alifungaye huokwa kwa jua. Hapo kiyoyozi ni kinga ya pumzi kuliko starehe.

Basi kiyoyozi cha pikapu kuukuu hufa. Fundi hujaza gesi, ubaridi hurudi, na shukrani hutolewa. Baada ya miezi michache ubaridi hutoweka, gesi hujazwa tena, na mwenye gari husema kuwa gesi ilikwisha, kama asemavyo juu ya petroli. Neno hilo ndilo shina la udanganyifu. Petroli huchomwa, gesi ya kiyoyozi haichomwi. Husukumwa na kompresa, hutoa joto lake mbele ya rejeta ikawa kimiminiko, hupenya tundu jembamba, hugeuka mvuke nyuma ya dashibodi ambako hunyonya joto la ndani ya gari, kisha hurudi ilikotoka. Mzunguko huo umefungwa. Kama gesi imepungua, imetoka. Na kama imetoka, pana mlango. Mlango huo waweza kuwa mpira uliokauka kwa uzee, au bomba lililosuguliwa kwa mitikiso ya barabara mbovu. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na sehemu yake hutoroka nayo. Unyevu nao ukiingia, na gesi mpya ikatiwa bila hewa ya zamani kunyonywa kwanza, asidi huzaliwa ndani na kula chuma. Kwa hiyo kujaza bila kuziba si kukaa mahali pamoja. Ni kurudi nyuma kwa mwendo wa polepole.

Fundi ana utetezi, nao una uzito. Kutafuta uvujo huchukua muda, vipuri ni ghali, na mwenye gari ana safari leo. Umaskini si dhambi, na kiraka si uwongo kikiitwa kiraka. Fundi asemaye, "Gari lako linavuja, ndugu, hii ni nafuu ya muda," ametenda haki hata akijaza tu. Anyamazaye ili mteja arudi ameuza tumaini kwa bei ya dawa. Na mwenye gari asiyetaka kuambiwa ukweli hana haki ya kumlaumu fundi peke yake, maana mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo, ukweli baina ya wawili hautoshi, kwa kuwa gesi iliyotoka haikuondoka ulimwenguni. Magari ya zamani yalitumia R-12, iliyogunduliwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuizuia, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993. Iliyoshika nafasi yake, R-134a, haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Oktoba 2016 wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Nao walikutana Kigali, mji usio mbali sana na Kibondo.

Hapa jibu la swali hupatikana. Ridhaa ya mlipaji na mlipwaji hutosha pale ambapo hasara ni yao. Mkulima wa maharage apitaye kando ya barabara, akimeza vumbi la pikapu hiyo, hakuonja ubaridi wala hakuulizwa; bali mvua aitegemeayo imo katika hesabu. Uvujo wa gari moja ni mdogo mno, lakini udogo wa fungu haumfanyi mdeni asiwe mdeni.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Onyo hilo lilimwelekea mwenye nyumba, aliyepata hasara ya uvivu wake mwenyewe. Ufa wa namna hii ni mzito zaidi, kwa sababu asiyeuziba huenda asiwe yeye atakayeujenga ukuta.